Pedi ya Pili Haina Mtu

Nakala zaidi ya milioni 10 za Tekken 7 zimeuzwa duniani. Tekken 8, iliyotoka Januari 26, 2024, ilivuka milioni 2 ndani ya mwezi wake wa kwanza. Anayezisoma takwimu hizi akiwa mbali ataamini kwamba mchezo huu wa kupigana, uliozaliwa Japani mwaka 1994, uko salama. Lakini mauzo hayasemi lolote kuhusu urithi. Nakala inaweza kununuliwa, ikachezwa siku tatu, ikawekwa kando. Kipimo cha kweli ni hiki: katika mji fulani, mkongwe mmoja akiacha, je, yupo kijana aliyefikia kiwango cha kushika nafasi yake? Katika vibanda vya gemu vya miji kama Njombe na Makambako, ambako skrini nyingi ni za gemu la mpira na Tekken, inapokuwapo, hungoja jioni watu walewale, jibu linazidi kuwa hapana.

Maelezo ya haraka ni kwamba vijana wa sasa hawataki kitu kigumu. Maelezo hayo hayafai, kwa sababu hayachambui chochote. Vijana haohao hujifunza kuendesha bodaboda kwenye utelezi wa mvua, na hujifunza mbinu za gemu la mpira ambazo nazo si nyepesi. Tena uvivu hauelezi ni kwa nini mchezaji mpya wa Tekken haachi siku ya kwanza, anapofurahia rangi na kelele, bali huacha baada ya wiki chache, pale anapokwisha kujua vitufe na kuanza kutaka kushinda. Kuna kitu kinachomtoa mahali hapo hasa. Kitu hicho kinaweza kuhesabika.

Tuanze na bei. Kwa desturi ya vibanda vingi, aliyeshindwa hulipa na kuachia pedi, aliyeshinda hubaki. Tuchukue mfano wa shilingi 200 kwa pambano. Pambano la Tekken ni raundi tatu za ushindi, na kila raundi ina ukomo wa sekunde 60. Mchezaji mpya akikutana na mkongwe, raundi moja haifiki nusu ya muda huo. Tuseme sekunde 20. Mara tatu, ni dakika moja, ameshatoka. Wakongwe wawili wanaolingana wanaweza kufika raundi tano za sekunde 40 kila moja, yaani dakika tatu na sekunde 20, kwa shilingi 200 zilezile. Kwa hiyo dakika moja ya mchezo inamgharimu anayeanza shilingi 200, na inawagharimu wakongwe wote wawili kwa pamoja shilingi 60. Asiyejua analipa zaidi ya mara tatu, na mshindi halipi kabisa.

Hata dakika hiyo moja si yake yote. Katika Tekken, pigo fulani humrusha mpinzani hewani, kisha hufuata mfululizo wa mapigo ambao aliyerushwa hawezi kufanya lolote mpaka atue. Mfululizo mmoja huchukua sekunde kadhaa. Akirushwa mara mbili katika raundi ya sekunde 20, karibu nusu ya muda alioulipia ameutumia kutazama mwili wa mhusika wake ukipigwa, vidole vyake vikiwa havina kazi. Shilingi 1,000 zimempa dakika tano za pambano na labda mbili na nusu za kucheza. Mwenzake aliyekaa kwenye mpira amefungwa mabao manne, lakini amecheza dakika zote hadi filimbi ya mwisho, na amegusa mpira mara nyingi. Huyo wa mpira amepata mazoezi. Wa Tekken amepata bili.

Desturi ya mshindi kubaki ina athari ya pili, ambayo ni mbaya kuliko ya kwanza. Kwa kuwa pedi ya kwanza daima iko mikononi mwa aliyeshinda mwisho, mchezaji mpya hakutani na wastani wa watu waliomo chumbani. Anakutana na kilele chao. Chumba kinaweza kuwa na watu wanane wa viwango tofauti, watatu kati yao wakiwa karibu na kiwango chake, lakini utaratibu wa foleni unahakikisha kwamba kila anapoketi, aliye mbele yake ni mmoja wa wawili walio bora. Wale watatu ambao wangemfaa wako kwenye benchi pamoja naye, nao wakingoja zamu ya kupigwa.

Mchezo wa bao ulitatua tatizo hili la anayengoja kwenye benchi kwa namna ambayo Tekken haiwezi. Mtazamaji wa bao anaona mchezo mzima: mashimo 32, kete 64, na mkono unaozisambaza. Akikaa kijiweni miezi sita bila kucheza hata mara moja, atakuwa amejifunza hatua za namua na mtaji, na wazee wa benchi watakuwa wamemweleza kila kosa kwa sauti. Mtazamaji wa Tekken anaona ngumi iliyotua. Haoni dole gumba lilifanya nini kabla ya ngumi hiyo, wala hawezi kukisia. Umaarufu wa wahusika wa familia ya Mishima umejengwa juu ya pigo moja ambalo mchezaji hubonyeza mbele, anaachia, anabonyeza chini, kisha mshazari wa chini na mbele pamoja na ngumi ya kulia katika fremu ileile. Fremu ni sehemu moja ya 60 ya sekunde. Akikosea kwa fremu moja, hutoka pigo linalofanana nalo kwa macho, lakini ni dhaifu na linaadhibika. Aliye kwenye benchi hawezi kutofautisha mapigo hayo mawili, sembuse kujua ni kwa nini moja limefanikiwa na jingine limemgharimu mtu raundi.

Ugumu wa vidole, hata hivyo, ni sehemu ndogo ya mzigo. Ngumi ya haraka zaidi ya wahusika wengi hutua kwa fremu 10, yaani sekunde 0.17. Binadamu wa kawaida, akiona kitu na kulazimika kuchagua la kufanya, anahitaji takribani robo sekunde, sawa na fremu 15. Maana yake, sehemu kubwa ya kujilinda katika mchezo huu haifanywi kwa macho. Inafanywa kwa kumbukumbu: kujua kwamba mhusika huyu, akiwa katika mkao huu, ana machaguo matatu, na kwamba la pili likizuiwa linamwacha wazi kwa muda wa kutosha kuadhibiwa kwa pigo fulani na si jingine. Tekken 8 ilianza na wahusika 32. Kila mmoja ana mapigo yasiyopungua 100. Hayo ni mapigo 3,200. Mtu akijifunza 20 kwa siku bila kuruka siku wala kusahau, anahitaji siku 160 kuyafahamu tu, kabla ya kuyatumia.

Mkongwe halipi deni hilo lote. Wahusika King, Nina, Paul, Law na Yoshimitsu walikuwamo katika Tekken 3, iliyofika kwenye PlayStation mwaka 1998, na sehemu ya mapigo yao ya msingi imeendelea toleo baada ya toleo. Kila toleo jipya linapotoka, aliyekuwapo zamani hujifunza tofauti peke yake, wakati anayeanza leo hujifunza jumla ya miaka yote. Pengo kati yao halipungui kwa kupita muda. Linapanuka kila mhusika mpya anapoongezwa. Mchezo wenye afya unaweza kuhimili hali hiyo ikiwa kuna watu wengi wa katikati: wa mwaka mmoja, wa miaka miwili, wa mitatu. Hao ndio walimu halisi, kwa sababu anayeanza anaweza kuwashinda mara moja moja na kuelewa ni kwa nini.

Hapa ndipo ukubwa wa mji unapoingia. Dar es Salaam, kwa Sensa ya 2022, ina watu 5,383,728. Mkoa mzima wa Njombe una 889,946, nao wametawanyika kuanzia mashamba ya viazi na chai ya nyanda za juu hadi mwambao wa Ziwa Nyasa. Katika jiji kubwa, kundi la wachezaji likipoteza watu kumi wa katikati, wengine kumi wapo mtaa wa pili. Katika mji mdogo, kundi zima linaweza kuwa watu kumi na wawili: wanne wakongwe, wanne wa katikati, wanne wanaoanza. Tuwatoe wale wanne wa katikati. Mmoja amepata chuo Mbeya, mmoja ameanza kazi ya mbao, wawili wamehamia kwenye mpira. Kwa hesabu ya vichwa, kundi limepungua kwa theluthi. Kwa hesabu ya urithi limekufa, kwa sababu hakuna tena njia ya kumfikisha anayeanza kwa mkongwe. Wanane waliobaki wataendelea kuonekana chumbani kwa miezi, na mwenye kibanda hatagundua lolote.

Makambako ina udhaifu wake wa pekee. Ni njia panda: barabara ya kwenda Songea inaachana pale na ile ya Dar es Salaam kwenda Mbeya na Zambia, na treni ya TAZARA ina kituo pale. Mji wa namna hiyo una watu wengi usiku wowote ule, lakini wengi ni wa usiku huo mmoja. Dereva au utingo anayengoja kupambazuke anaweza kukaa kwenye pedi saa moja na kuchangamsha chumba. Kesho yuko Tunduma. Mapato ya kibanda yanamhesabu, mafunzo hayamhesabu. Njombe, kilomita kama 60 kusini, ina wakazi wa kudumu zaidi lakini haina msafara huo wa wapitaji. Makundi mawili madogo yangeweza kuwa moja la wastani kama yangekutana, lakini nauli ya kwenda na kurudi kwa ajili ya mapambano ya jioni ni pesa ambayo kijana hana, na aliye nayo mara nyingi ni mkongwe mwenye kazi na familia.

Mtu atasema: mtandao upo. Hoja hii inastahili kupimwa kwa fizikia. Mwanga ndani ya nyaya za mkongo husafiri takribani kilomita 200,000 kwa sekunde. Kutoka Dar es Salaam hadi London ni kama kilomita 7,500 kwa mstari ulionyooka. Kwenda na kurudi ni 15,000, sawa na sekunde 0.075, yaani fremu nne na nusu, hata kama waya ungenyooka na mitambo ya njiani isingechelewesha chochote. Waya haunyooki, na mitambo huchelewesha. Mchezaji wa Makambako ana zaidi ya kilomita 600 nyingine kabla ya kufika pwani, tena akiunganishwa kwa bando la simu ambalo kasi yake hupanda na kushuka. Katika mchezo ambao ngumi hutua kwa fremu 10, kupoteza fremu tano au sita ni kucheza mchezo mwingine. Tekken 8 hutumia mfumo unaokisia kitendo cha mpinzani na kurekebisha baadaye, nao unasaidia sana kwa umbali mdogo. Umbali ukizidi, marekebisho yanaonekana kama miruko: ulimwona amesimama, sasa umeshapigwa. Mei 12, 2024, nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilipokatika, Tanzania ilikuwa miongoni mwa nchi zilizoathirika vibaya, na hata mtandao huo wa kuchechemea ukazorota zaidi.

Kuna kikwazo kingine cha kiutawala. Mwaka 2024 Tanzania haikuwamo katika orodha ya nchi zinazohudumiwa rasmi na mtandao wa PlayStation. Anayetaka akaunti hujiandikisha kama mkazi wa nchi nyingine. Mfumo unaowatafutia wachezaji wapinzani wa kiwango chao ungeweza kuwa dawa ya tatizo la foleni, kwa kuwa unampa anayeanza mwenzake anayeanza. Lakini wenzake walio karibu, ambao mwendo wa mtandao ungewaruhusu, ni wachache mno, na wengi hawamo kwenye mfumo huo kabisa.

Vifaa navyo vimegeuka. PlayStation 2 iliacha kutengenezwa Januari 2013, lakini iliendelea kufanya kazi vibandani kwa miaka, ikiwa imeunganishwa na TV ya chogo. Mtambo huo wa kizamani ulikuwa na sifa moja ambayo haikutajwa na aliyeuuza: TV ya chogo huonyesha picha karibu papo hapo. TV bapa, isipowekwa kwenye mpangilio wa gemu, huichakata picha kwanza, na uchakataji huo unaweza kula fremu kadhaa. Vibanda vinapoweka TV bapa kwa ajili ya wateja wa mpira, ambao hawaathiriki sana, Tekken inakuwa nzito bila mtu kujua ni kwa nini. Mkongwe hubadilisha mdundo wa vidole na kuendelea. Anayeanza huhitimisha kwamba hawezi. Pedi zilizochoka hufanya vivyo hivyo: vitufe vya mwelekeo vikilegea, lile pigo la fremu moja halitoki kabisa, na mwanafunzi hana namna ya kujua kama kosa ni lake au la plastiki. Sasa limekuja tatizo la tatu. Tekken 8 haichezwi kwenye PlayStation 4. Kibanda kinachobaki na Tekken 7 kinabaki na mchezo ambao hauendelezwi tena. Kinachonunua PlayStation 5 huinunua kwa ajili ya mpira.

Washindani wa mchezo huu wameelewa jambo ambalo vibanda havikulielewa. PUBG Mobile, kwenye simu, humpangia anayeanza wapinzani wengi ambao si watu bali programu, ili apate ushindi mapema. Mpira wa kwenye TV una bahati ndani yake: mpira ukigonga mwamba na kurudi, dhaifu anaweza kushinda 1–0. Mashine za sarafu zilizopangwa kwenye vituo vya biashara zina bahati tupu, na humlipa mjinga sawa na mjuzi. Tekken karibu haina bahati yoyote. Hilo ndilo linaloifanya iwe mchezo wa heshima, na ndilo linaloifanya ishindwe kumbakiza mtu mwenye shilingi 500 mfukoni, anayechagua kati ya kupoteza kwa hakika na kupoteza kwa matumaini.

Je, umaskini ndio sababu? Lahore inakanusha. Mwaka 2019 Arslan Siddique, ajulikanaye kama Arslan Ash, alitoka katika vyumba vya gemu vya jiji hilo la Pakistan, akashinda mashindano ya EVO Japan mwezi Februari, kisha EVO ya Las Vegas mwezi Agosti kwa kumshinda Mkorea Knee katika fainali. Alieleza baadaye kwamba nyumbani kwao wapo wengine wenye uwezo kama wake. Ulimwengu ulilichukua kama tambo. Matokeo ya Wapakistani wengine yakathibitisha. Lahore haikuwa na mtandao bora wala fedha nyingi. Ilikuwa na mamilioni ya watu na vyumba vya bei nafuu vilivyokaribiana, kiasi kwamba ngazi zote za kati zilijaa. Nairobi nayo, yenye ukubwa wa kutosha, ilimtoa Sylvia Gathoni, mchezaji wa Tekken 7 aliyesajiliwa na timu ya kimataifa ya UYU mwaka 2018. Tunachojifunza kwa miji hiyo miwili ni cha kutia hofu kwa mji mdogo: kilichoiokoa ni msongamano, na msongamano ni kitu kimoja ambacho Njombe haiwezi kuagiza kutoka Kariakoo.

Watengenezaji wameona tatizo, wakalitibu upande wa vidole. Street Fighter 6, ya Juni 2023, ina mpangilio rahisi wa vitufe unaotoa pigo gumu kwa kubonyeza mara moja. Tekken 8 ina mtindo wake unaofanana na huo. Hatua hizi zina thamani, na wakongwe wanaozidharau wanakosea. Lakini hazigusi yale mapigo 3,200, hazigusi foleni, na hazigusi bei ya dakika. Anayeanza sasa anatoa mfululizo mzuri wa mapigo katika zile sekunde chache anazopata nafasi, kisha anatoka katika dakika ileile.

Tiba iliyo karibu iko kwenye ratiba ya kibanda: TV moja, saa chache, malipo kwa muda na si kwa pambano, na aliyeshindwa ndiye abaki kwenye pedi. Lakini tazama hesabu ya mwenye kibanda. Tukiongeza sekunde 40 za kuchagua wahusika na kusubiri, TV ya Tekken inayomeza wanaoanza mmoja baada ya mwingine huzalisha mapambano 36 kwa saa, yaani shilingi 7,200. Ikibaki na wakongwe watupu, mapambano 15, yaani 3,000, tena jioni tu. Mpira, tuseme 500 kwa dakika 12, huleta 2,500 kwa saa, mchana kutwa. Kibanda kinapata pesa nyingi zaidi kutokana na Tekken katika kipindi kilekile kinapowamaliza wachezaji wake wa baadaye. Likizo za shule, zinapoleta wanaoanza wengi, huonekana kama neema. Mapato yanaposhuka, mwenye kibanda huona kwamba Tekken imepitwa na wakati, huiweka diski kabatini na kuwasha mpira, na kwa mtazamo wa daftari lake hajakosea.

Kuwatengea wanaoanza saa mbili, jioni tatu kwa wiki, kwa shilingi 1,500 kwa saa, kungempotezea shilingi 6,000 kwa wiki akilinganisha na mpira. Kiasi hicho ni kidogo, lakini hana sababu ya kibiashara ya kukitoa, kwa kuwa kijana aliyefunzwa kwake yuko huru kwenda kuchezea kibanda cha jirani. Wanaoweza kukitoa ni wakongwe wenyewe: wanne, shilingi 1,500 kila mmoja, pamoja na jioni zao tatu, wakikaa kwenye pedi ili mwingine ajifunze na si ili washinde. Shilingi hizo zinapatikana. Jioni ndizo zinazoadimika, kwa sababu aliyeishika Tekken 3 mwaka 1998 akiwa na miaka 15 sasa amevuka 40.